Kamina: Mzee aliyelazwa atasimama tena? Mengi yako mikononi mwa muuguzi

Mzee akifikishwa hospitali kwa sababu ya kiharusi au mfupa wa nyonga uliovunjika, jamaa huuliza kwanza kama atapona. Swali la pili huja baadaye: je, atatembea tena?

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, kama kwingineko nchini, jibu linategemea sana muuguzi. Daktari hupita na kuondoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, hapatikani katika kila hospitali. Muuguzi ndiye anayebaki mchana na usiku.

Adui wa kwanza ni kitanda. Mzee asiyesogea hupoteza nguvu za misuli kwa siku chache tu. Kwa hiyo muuguzi humgeuza kila baada ya saa 2 hivi, akikagua visigino, nyonga na mwisho wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Hupapasa kwa mkono kutafuta mahali penye joto au pagumu, kabla kidonda hakijafunguka.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, kabla ya uji, humkalisha wima na kumjaribu kwa kijiko cha maji. Akikohoa au sauti ikibadilika, chakula kinasubiri, maana kinaweza kuingia katika mapafu.

Walinda mgonjwa nao hupika, humwosha na kumlisha. Huo ni upendo, lakini mzee anayefanyiwa kila kitu huzoea kutofanya lolote. Muuguzi mzuri huwaambia: mwacheni ashike kijiko mwenyewe, hata akichelewa.

Tatizo kubwa ni pesa. Kila siku ya kulazwa huongeza deni, na familia iliyotoka Kabongo, Bukama au Malemba-Nkulu ina sababu ya kutaka kurudi mapema. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee, lakini kifungu hakilipi bili. Ndiyo maana mafunzo yanapaswa kuanza siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa.

Kabla ya kuondoka, ulizeni muuguzi mambo manne: namna ya kumwinua bila kuvuta mkono uliopooza, mazoezi ya kila siku, dawa za tansio na saa zake, na dalili za kumrudisha hospitali haraka.