Nani Aliandika Onyesho Hili? Mwandishi wa Filamu na Haki Yake katika Uhakiki

Mwanafunzi anayehakiki tamthilia huanza kwa kumtaja mwandishi. Husema kuwa mwandishi ametumia kinaya, mwandishi amejenga taharuki, mwandishi amemsawiri mhusika kwa njia fulani. Hakuna anayesema kuwa kinaya hicho ni cha mwigizaji aliyemwona jukwaani. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kuhusu filamu, mwandishi hutoweka. Atasema kuwa Marlon Brando alitamka maneno mazito, au kuwa mwongozaji fulani alitunga mazungumzo ya kusisimua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa maonyesho mengi tunayoyakumbuka yalianza kwenye karatasi ya mtu ambaye jina lake hatulijui, na kuwa kumtafuta mtu huyo ni sehemu ya uhakiki wenyewe.

Kwa nini mwandishi wa filamu husahaulika?

Sababu ya kwanza ni kuwa mswada wa filamu hausomwi na umma. Tamthilia huchapishwa, huuzwa na kuingia darasani. Mswada wa filamu hutumiwa na watayarishaji na waigizaji, kisha huwekwa kando. Mtazamaji huona uso na kusikia sauti tu.

Sababu ya pili inatokana na nadharia. Katika miaka ya 1950, wahakiki wa jarida la Cahiers du cinéma nchini Ufaransa walitetea wazo kuwa mwongozaji ndiye mtunzi halisi wa filamu. Wazo hilo liliwasaidia wasomi kuichukulia filamu kuwa sanaa, lakini pia lilimsukuma mwandishi pembeni.

Sababu ya tatu ni utaratibu wa kazi. Mswada mmoja huweza kupita mikononi mwa waandishi kadhaa. Nchini Marekani, chama cha waandishi ndicho huamua ni nani atakayetajwa kwenye filamu. Aliyeongeza onyesho moja au mawili mara nyingi hafikii kiwango cha kutajwa, hata kama onyesho hilo ndilo watu watakalolikumbuka miaka hamsini baadaye.

Onyesho la bustanini katika The Godfather

Mfano bora ni filamu ya The Godfather ya mwaka 1972. Wanaotajwa kuwa waandishi ni Mario Puzo, aliyeandika riwaya, na mwongozaji Francis Ford Coppola. Hata hivyo, onyesho ambamo mzee Vito Corleone anazungumza na mwanawe Michael bustanini liliandikwa na Robert Towne. Coppola alihitaji onyesho la kudhihirisha upendo kati ya baba na mwana, onyesho ambalo riwaya haikumpa. Towne aliitwa kusaidia, na jina lake halikuwekwa kwenye filamu.

Tuangalie alichokifanya Towne. Mwandishi mchanga angemfanya baba aseme wazi kuwa anampenda mwanawe. Towne hakufanya hivyo. Alimfanya mzee azungumzie usalama: adui atajaribu kumwita Michael kwenye mkutano, na yule atakayeleta ujumbe huo ndiye msaliti. Katikati ya maonyo hayo mzee anauliza kuhusu mke na mtoto wa Michael. Kisha anarudia kuuliza jambo ambalo tayari limeshughulikiwa, na mwanawe anamtuliza. Hapo tunatambua kuwa mzee anachoka na kusahau. Mwishowe anaungama kuwa hakutaka Michael arithi kazi hii. Alitarajia mwanawe awe kiongozi serikalini.

Mazungumzo haya yana viwango viwili vya maana. Juu ni mpango wa vita. Chini yake ni upendo, hofu na majuto. Aidha, onyo kuhusu msaliti ni mbinu ya kiangaza mbele: baadaye, kwenye mazishi ya mzee, Tessio anamwendea Michael na ujumbe ule ule, nasi tunajua hatima yake kabla haijatamkwa. Brando na Al Pacino waliigiza kwa ustadi mkubwa, lakini mpangilio huo ulikuwa kazi ya kalamu. Mwaka wa 1973, Coppola alipopokea tuzo ya Oscar ya mswada, alimshukuru Towne jukwaani kwa kuandika onyesho hilo. Huo ni mfano mwema: chanda chema huvikwa pete, hata pale sheria za kutaja majina hazimlazimishi mtu kufanya hivyo.

Jina lililofichwa

Kuna waandishi ambao hawakusahaulika kwa bahati mbaya bali majina yao yalifichwa. Dalton Trumbo alikuwa mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliokataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu uhusiano wao na chama cha kikomunisti. Alifungwa mwaka wa 1950, na kampuni za filamu zilikataa kumwajiri kwa jina lake. Hadithi ya Roman Holiday, filamu ya mwaka 1953, ilikuwa yake, lakini rafiki yake Ian McLellan Hunter ndiye aliyetajwa. Tuzo ya Oscar ya hadithi bora ikatolewa kwa jina la Hunter.

Trumbo alifariki mwaka wa 1976. Mwaka wa 1993, mjane wake alikabidhiwa tuzo hiyo. Jina lake lilirejeshwa rasmi na chama cha waandishi mwaka wa 2011, miaka 58 baada ya filamu kutoka. Msomaji akijua haya, hadithi ya binti mfalme anayetoroka ubalozi wa nchi yake kwa siku moja ili aishi bila kujulikana huweza kupata maana nyingine. Aliyeitunga aliishi miaka mingi akiwa amefichwa nyuma ya majina ya wengine. Mhakiki asidai kuwa hadithi inasimulia maisha ya mtunzi wake, lakini hawezi hata kuliuliza swali hilo ikiwa hajui mtunzi ni nani.

Tahadhari kwa mhakiki

Kumtetea mwandishi kusitufanye tuwanyang'anye wengine haki yao. Katika The Godfather hiyo hiyo, mzee Vito anaweka ganda la chungwa mdomoni ili kumtisha mjukuu wake muda mfupi kabla ya kufa. Wazo hilo lilikuwa la Brando. Katika The Third Man ya mwaka 1949, Graham Greene ndiye aliyeandika mswada, lakini yale maneno mashuhuri kuhusu Uswisi na saa zake yaliongezwa na mwigizaji Orson Welles, na Greene mwenyewe alikiri hivyo. Hata Towne alikumbana na hali hiyo. Alipata Oscar kwa mswada wa Chinatown ya mwaka 1974, ilhali mwisho wa kusikitisha wa filamu hiyo uliamuliwa na mwongozaji Roman Polanski, kinyume na mwisho alioutaka Towne.

Kwa hivyo, swali letu lisiwe ni nani mwenye filamu. Swali liwe: katika onyesho hili, nani alifanya nini?

Matumizi darasani

Mwalimu anaweza kuchagua onyesho moja la dakika tatu au nne na kuwapa wanafunzi maswali haya:

1. Iwapo tungeyasoma mazungumzo haya bila kuyaona, ni mambo gani ya kifasihi yangebaki? Hayo kwa kawaida hutokana na mwandishi.

2. Ni mambo gani yangepotea? Toni ya sauti, ishara na kimya humhusu zaidi mwigizaji. Mwanga, umbali wa kamera na mpangilio wa picha humhusu mwongozaji na mpigapicha.

3. Mhusika anasema nini, na anamaanisha nini? Pengo kati ya mawili hayo huonyesha ustadi wa mwandishi wa mazungumzo.

4. Nani wametajwa kuwa waandishi? Je, kuna ushahidi kuwa mwingine alichangia?

Swali la kwanza lina faida kubwa, kwani humrudisha mwanafunzi kwenye stadi anazozitumia anapohakiki tamthilia teule. Atagundua kuwa uhusika, kinaya na taharuki havibadiliki kwa sababu tu vimepita kwenye kamera.

Hatimaye, jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Tamasha zetu za kitaifa sasa hushirikisha drama na filamu, na nyuma ya kila kazi inayoshangiliwa kuna mwalimu au mwanafunzi aliyekesha akiandika. Pongezi huwaendea waigizaji na kombe huiendea shule. Shule inapoandaa ratiba ya maonyesho yake, jina la mwandishi na liandikwe pale juu, karibu na anwani ya kazi. Na ikiwa mtu mwingine aliandika upya onyesho moja tu, naye pia atajwe, pamoja na onyesho lake.