Mwendo wa Meli Katika Ramani ya Kompyuta: Kipimo na Makisio

1. Utangulizi

Mtu anayefungua ramani ya meli katika kompyuta huona alama ndogo ikiteleza polepole juu ya bahari, bila kuruka wala kukwama. Ni rahisi kudhani kwamba meli yenyewe inatazamwa wakati wote. Sivyo ilivyo. Kinachoifikia kompyuta ni taarifa fupi fupi zilizoachana kwa muda, na mwendo laini unaoonekana hutengenezwa na kompyuta. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa bila kuilemea mashine, na kuonyesha mpaka uliopo baina ya kilichopimwa na kilichokisiwa.

2. Taarifa itokayo melini

Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi hulazimika kubeba chombo cha redio cha kujitambulisha. Sharti hilo lilitekelezwa kwa hatua kati ya mwaka 2002 na 2004. Chombo hicho hutumia setilaiti kujua mahali meli ilipo, kisha hutangaza namba ya meli, latitudo, longitudo, mwendo na mwelekeo. Taarifa moja ya aina hiyo ina biti 168 tu. Udogo huo ndio unaoziwezesha meli nyingi kugawana masafa yale yale ya redio. Meli kubwa iliyotia nanga hutangaza kila baada ya dakika 3. Ile inayokwenda maili za bahari 18 kwa saa hutangaza kila baada ya sekunde 6, na huzidisha matangazo inapogeuka.

3. Kujaza mwanya

Katika sekunde 6 meli hiyo husogea karibu mita 56. Skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Basi picha 360 hupita kabla ya taarifa mpya kuwasili. Katika hizo, moja tu hutegemea kipimo moja kwa moja. 359 zilizobaki ni hesabu.

Hesabu hiyo ina njia mbili. Ya kwanza yaweza kuitwa ujazaji. Kompyuta huingojea taarifa ya pili, kisha huisogeza alama kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili kwa kadiri ya muda uliopita: zikipita sekunde 3, alama huwa nusu ya njia. Ubora wake ni kwamba nukta zote mbili zimepimwa. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji huona mahali meli ilipokuwa sekunde 6 zilizopita.

Ya pili ni ukisiaji wa mbele. Kompyuta huanzia nukta ya mwisho na kuendeleza safari kwa mwendo na mwelekeo uliotangazwa. Hapo mtazamaji haonyeshwi yaliyopita, lakini huonyeshwa jambo ambalo bado halijathibitishwa. Taarifa mpya ikitofautiana na makisio, alama hurudishwa taratibu kwenye njia yake.

4. Kupunguza kazi ya mashine

Pwani, visiwa na majina ya miji havisogei; kwa hiyo huchorwa mara moja na kuhifadhiwa, na tabaka la alama peke yake ndilo huchorwa upya. Meli iliyo nje ya skrini haichorwi. Tena, ramani ikiwa ndogo kiasi kwamba nukta moja ya skrini ni mita 500, mwendo wa mita 56 hauonekani, na kuuchora mara 360 ni kazi ya bure.

Pia yafaa hesabu ifuate saa, si idadi ya picha. Hivyo mashine dhaifu huonyesha picha chache zaidi, lakini kila picha huiweka meli mahali pake. Mwisho, meli inayogeuka kutoka digrii 350 hadi digrii 10 izungushwe digrii 20, si 340. La sivyo itaonekana ikizunguka kama pia.

5. Hatari ya makisio

Ukisiaji wa mbele haukuanza na kompyuta. Mabaharia waliutumia karne nyingi. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, mahali palipotangazwa na Titanic ilipoomba msaada palikuwa pamekokotolewa kutokana na nyota zilizopimwa jioni, pamoja na mwendo na mwelekeo uliodhaniwa. Mabaki yake yalipogunduliwa mwaka 1985, yalikutwa zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo. Meli ya Carpathia iliwafikia manusura kwa kuwa mashua zao zilikuwa karibu na njia yake.

Kosa la maili 1 kwa saa huwa maili 4 baada ya saa 4. Kwa hiyo ramani inayoendelea kutelezesha alama baada ya redio kunyamaza huchora meli ambayo hakuna aliyeisikia. Ramani njema hujiwekea kikomo: taarifa zikikosekana, alama husimama, rangi yake hufifia, na saa ya taarifa ya mwisho huandikwa kando yake. Ulaini wa mwendo humpendeza mtazamaji. Lakini mwokozi anayetafuta watu majini huhitaji kwanza kujua ni wapi kipimo kiliishia na makisio yakaanzia.