Unga wa Metali: Maneno ya Nafaka katika Uhunzi Mpya

Huko Kinyerezi, viungani mwa Dar es Salaam, mitambo ya gesi asilia husemwa kuwa "yafua umeme". Kitenzi hiki ni cha mhunzi aliyefua chuma juu ya fuawe. Leo kimehamia kwenye mitambo kama Kinyerezi II, iliyozinduliwa mwaka 2018. Uhunzi wenyewe nao umepata tawi jipya, lisilofua wala kusubu. Unga wa metali hutandazwa tabaka juu ya tabaka, na mwali wa leza huyeyusha sehemu zitakiwazo tu. Unga usioyeyuka hukusanywa ukatumiwa tena. Makala haya yachunguza maneno yafaayo kwa kazi hiyo.

1. *Unga.* Neno hili lafaa kuliko *vumbi*. Punje zake kwa kawaida zina upana wa mikromita 15 hadi 45, nazo hutakiwa ziwe za mviringo ili zitiririke. Zilizo ndogo mno hushikamana. Hizo ndizo *vumbi* hasa, na vumbi la titani au la alumini likitimka huweza kulipuka.

2. *Kuchekecha.* Tusiseme *kupepeta*, kwani ungo hutenga kwa uzito na upepo, bali chekecheke hutenga kwa ukubwa. Unga uliokwisha tumika huwa na *chenga*, yaani matone yaliyoruka na punje zilizogandana. Chekecheke huzizuia.

3. *Kuchakaa.* Hapa lugha ya jikoni yaweza kutupotosha, kwa kuwa jikoni unga uliochekechwa huhesabiwa kuwa safi. Unga wa titani urudiwapo na joto huweza kunywa oksijeni, na chekecheke haliwezi kuitoa. Katika aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, daraja la 5 huruhusu oksijeni isiyozidi asilimia 0.20, na daraja la 23 asilimia 0.13. Ikizidi, kipuri huwa kigumu lakini huvunjika upesi. *Kuvunda* hakufai, maana hapana harufu wala ukungu. *Kuchakaa* ni kwa kitu kilichoharibiwa na matumizi, kama nguo.

Kwa hiyo napendekeza tutofautishe *unga uliochekechwa* na *unga uliopimwa*. Kuchanganya unga mpya na mkuukuu hupunguza kiwango cha oksijeni tu, hakuiondoi. Mwanafunzi wa ufundi akifundishwa neno moja kwa mambo haya mawili, atakiamini kipuri kisichostahili kuaminiwa.