Lini Tumwambie Msikilizaji? Mpango wa Habari katika Usimulizi wa Hadithi Darasani

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliingia darasa la tatu, akaandika kichwa cha hadithi ubaoni, kisha akawaambia watoto: "Leo tutasoma hadithi ya Kima aliyemdanganya Papa akaokoa roho yake. Hadithi hii inatufunza kuwa akili ni bora kuliko nguvu." Baada ya hapo aliisoma hadithi yote kwa sauti ya kusikika na matamshi yasiyo na kasoro. Watoto walinyamaza kwa adabu. Alipouliza maswali, wakajibu sawasawa. Lakini sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tuliona jambo ambalo maandalio yake ya somo hayakuweza kulionyesha: hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyemhofia Kima.

Kasoro haikuwa katika hadithi, wala katika sauti ya msomaji. Ilikuwa katika sentensi mbili za mwanzo. Kwa sentensi hizo watoto walipewa mwisho wa safari kabla ya kupanda chomboni. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mbinu za usimulizi zinavyotawala hisia za msomaji au msikilizaji, na hasa mbinu moja iliyo mikononi mwa mwalimu kila siku: kuchagua habari ipi itolewe lini.

Visa na Usimulizi

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili. Visa ni yale yaliyotukia, kwa mfuatano yalivyotukia. Usimulizi ni namna yanavyofikishwa kwa msikilizaji: lipi litangulie, lipi lifichwe, nani aseme, wapi msimulizi akawie na wapi apite mbio. Visa vilevile vikisimuliwa kwa njia mbili huzaa hadithi mbili moyoni mwa msikilizaji.

Ushahidi tunao katika hadithi hiyohiyo ya Kima. Hadithi hii imo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa Bara Hindi ulioandikwa kwa Kisanskriti, na humo rafiki wa kima ni mamba. Imo pia katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Humo rafiki huyo ni kobe wa majini. Huku kwetu rafiki ni papa, na Edward Steere aliichapa kama ilivyosimuliwa Unguja katika kitabu chake Swahili Tales cha mwaka 1870, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Popote pale, mnyama wa majini humbeba kima mgongoni, kumbe moyo wake unatakiwa. Naye kima hujiokoa kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini.

Visa ni vile vile, lakini mpango wa habari si mmoja. Katika masimulizi ya Bara Hindi na ya Kiarabu twaelezwa mapema kwamba mke wa mnyama wa majini anautaka moyo wa kima. Katika simulizi la Unguja hatuambiwi neno. Twaona urafiki tu: mkuyu uliopanda ufukweni, kima juu yake akila matunda na kumtupia papa, kisha mwaliko wa kwenda kutembea. Mpaka wafike katikati ya bahari ndipo Papa atamkapo kwamba sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kujua Kabla na Kujua Pamoja

Msikilizaji ajuaye kabla ya mhusika hupata taharuki. Kima anapoukubali mwaliko, moyo wa msikilizaji hushtuka: usiende! Kila neno la upole la rafiki mwovu humwongezea wasiwasi. Safari ni fupi, lakini kwake ni ndefu, maana anangoja jambo alijualo.

Msikilizaji ajuaye pamoja na mhusika hupata mshangao. Yeye naye amemwamini Papa; amefurahia urafiki na mwaliko. Habari ikifichuka, amesalitiwa pamoja na Kima, naye hurudi nyuma kwa fikira akijiuliza kama palikuwa na dalili aliyoipuuza. Taharuki hudumu; mshangao hupiga mara moja lakini huacha alama. Hatusemi kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine. Tunasema kwamba mwanachuo yule aliziua zote mbili, kwa kuwa alitaja hatari na wokovu wake katika pumzi moja.

Ipo hali ya tatu. Kima anaposema kwamba kima hutembea bila mioyo yao, watoto wanajua ni uongo, Papa hajui. Sasa siri ni ya Kima na watoto. Hapa ndipo kicheko kinapozaliwa, nacho ni kicheko cha washirika. Mtoto ambaye hakumhofia Kima baharini hana sababu ya kucheka hivyo.

Hadithi Ndani ya Hadithi

Baada ya kuokoka, Kima yuko juu ya mti, na Papa amwita warudi safarini. Badala ya kujibu hapana, Kima husimulia habari za punda wa dobi: aliponea chupuchupu makuchani mwa simba, akadanganywa tena na sungura, akarudi, akaliwa. Simba alipoutafuta moyo na masikio, sungura aliyekwisha kuvila akajibu kuwa punda huyo hakuwa navyo, ama sivyo asingalirudi.

Kwa mbinu hii mafunzo hayatolewi na msimulizi. Yanatolewa na mhusika aliyekuwa karibu kufa, kwa adui yake, kwa sababu anayahitaji. Msikilizaji huyaokota mwenyewe, na alichokiokota mwenyewe hakitupi upesi. Linganisheni na sentensi ya mwanachuo wetu, "Hadithi hii inatufunza...", iliyotolewa kabla mtu yeyote hajaihitaji.

Kazi ya Mwalimu

Huenda mkauliza: na watoto waliokwisha kuisikia hadithi nyumbani? Hao wamekwisha kuwa katika hali ya kujua kabla; taharuki ni yao, nao hupenda kuwatazama wenzao wasiojua. Waombeni tu waitunze siri.

Tunapendekeza hatua hizi katika maandalio:

1. Isomeni hadithi nzima, mtie alama pale siri kuu inapofichuka.

2. Katika utangulizi wa somo, toeni yale tu yanayohitajika kuielewa hadithi: maneno magumu, mahali, wanyama wenyewe. Msivuke alama ile. Ikiwa neno gumu lenyewe lafichua siri, lielezeni likifika.

3. Someni taratibu mnapokaribia alama. Mkiifikia, nyamazeni kidogo, muulize: "Ungekuwa wewe ni Kima, ungesema nini?" Pokeeni majibu matatu au manne bila kuyasahihisha.

4. Swali la mafunzo liwe la mwisho, na jibu litoke kwa watoto. Majibu yakitofautiana, vema. Yaandikeni yote ubaoni.

5. Siku nyingine, mwambieni mtoto aisimulie kwa nafsi ya kwanza, akiwa Papa. Darasa litagundua kwamba Papa naye alikuwa na lake: sultani mgonjwa, na rafiki ambaye hakuweza kumficha hadi mwisho. Visa havikubadilika, ila huruma imehama.

Hitimisho

Kabla ya kwenda shuleni kwa mazoezi, jigaweni makundi mawili. Kundi moja lisimuliwe hadithi hii siri ikiwa mwanzoni, la pili siri ikiwa katikati ya bahari. Kisha kila mmoja aeleze alichokihisi Kima alipopanda mgongoni mwa Papa. Tofauti mtakayoisikia ndiyo iliyo mikononi mwenu kila mfunguapo kitabu cha hadithi mbele ya watoto. Mtoto hajifunzi kupenda kusoma kwa kuambiwa kwamba hadithi ina faida. Hujifunza siku ile alipotaka kujua kitakachofuata, na mwalimu wake akamwacha angoje.