Darasa Lililotupita Mwaka 1974

Juma hili nataka tuzungumze juu ya bodi moja ya kompyuta iliyo mezani kwangu hapa Singida mjini. Ni bodi kuu, ile ambayo mafundi wetu wa simu huiita mazabodi, nami ninaijenga kwa mkono, kipande kimoja baada ya kingine. Ni nakala ya kompyuta iitwayo Apple-1, iliyouzwa Marekani mwaka 1976. Majirani huniuliza: una faida gani kuunda mashine inayoshindwa hata na simu ya tochi? Swali hilo ni la haki, na leo nitalijibu.

Tuanze na historia. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuziweka hesabu za serikali katika kompyuta kuleta hasara, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo zilikumbwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na hasara ilikuwa imeonekana kwa macho, kwa hiyo sioni sababu ya kuwacheka wazee wetu. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980.

Lakini tazama, msikilizaji, ni nini kilitokea duniani wakati mlango wetu umefungwa. Mwaka 1975 ilitoka chipu ya prosesa iitwayo 6502, ikiuzwa dola 25 tu, wakati wenzake waliuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka uliofuata kijana Steve Wozniak aliijengea bodi, na mwenzake Steve Jobs akaitafutia wateja. Zilitengenezwa bodi 200 hivi, kila moja kwa dola 666.66. Mnunuzi alijitafutia mwenyewe kasha, transfoma, kibodi na televisheni ya kuonyeshea maandishi. Uingereza nayo, mwaka 1981, ikatoa Sinclair ZX81, iliyouzwa pauni 49.95 kwa anayetaka kuiunganisha mwenyewe nyumbani. Kwa maneno mengine, kompyuta ilishuka kutoka kwenye majumba ya wizara hadi kwenye meza za kulia chakula, na vijana wa huko wakaielewa kwa kuishika. Sisi tulipofungua mlango, tuliletewa mashine zilizokwisha kufungwa. Tuliingia darasani somo la kwanza likiwa limefutwa ubaoni.

Somo lenyewe lilikuwa lipi? Chukua kumbukumbu ya bodi hii. Ina chipu nane, na kila herufi huhifadhiwa kwa alama nane za sifuri na moja, yaani biti. Kila chipu hutunza biti moja ya kila herufi, kama watu nane waliobeba jeneza, kila mmoja na mahali pake. Chipu inayoshika biti ya mwisho ikifa na kubaki kwenye sifuri, ukihifadhi herufi C utarudishiwa B, na ukihifadhi E utarudishiwa D. Fundi akiona hivyo anajua mguu gani wa bodi umelegea, bila kubahatisha. Ndani ya simu yako kumbukumbu hufanya kazi kwa msingi uleule, lakini imefichwa ndani ya chipu ndogo kama ukucha, na jicho haliambulii kitu.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Kwanza unalehemu soketi za chipu, kisha rezista na kapasita, kisha sehemu ya umeme. Chipu hazigusi bodi hata moja mpaka mita ionyeshe volti 5 na 12, pamoja na hasi 5 na hasi 12, kila moja mahali pake. Fundi redio yeyote, awe Kiomboi au Manyoni, anaijua kanuni hii: pima kabla hujawasha. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Wakati wa kiangazi, upepo wetu mkavu huufanya mwili ujae umeme wa msuguano, ule unaokuchoma kidogo ukivua sweta. Wewe hautakuumiza, lakini chipu hizi za zamani unaziua kimyakimya. Kwa hiyo nagusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, ndipo nishike chipu.

Simwambii mtu auze mbuzi anunue Apple-1. Ya asili moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2014 kwa dola 905,000, na hata baadhi ya chipu za nakala ni adimu na ghali. Lakini prosesa ya ukoo wa 6502 inatengenezwa hadi leo, na bodi ndogo inaweza kujengwa juu yake kwa vipande vipya. Jambo la thamani ni mchoro wa saketi, ambao mnunuzi wa mwaka 1976 alipewa pamoja na kitabu cha maelezo. Aliyeuziwa mashine aliuziwa na siri yake.

Hapo ndipo jibu langu kwa majirani lilipo. Nimeona shuleni kompyuta zimerundikwa stoo, zimefunikwa vumbi, na kumbe nyingine zimekufa kwa kapasita moja iliyovimba, kitu cha bei ya soda. Hakuna aliyethubutu kuzifungua. Wakati huohuo vijana wetu wa simu wana mikono mepesi ajabu: wanang'oa chipu na kuirudisha bila kuiunguza bodi. Wanachokosa ni kujua ile chipu ilikuwa ikimwambia nini jirani yake. Mkono wanao, mchoro hawajaonyeshwa.

Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuwaonyesha kwa bodi moja ya aina hii, inayojengwa na darasa zima kwa muhula mmoja. Mashine hiyo haitapiga picha wala kutuma salamu. Lakini kijana aliyeijenga, ukimletea kompyuta iliyokufa, hatakuambia kwanza ukanunue nyingine. Ataomba mita.