Je, Kudukiza Simu za Wote Kutaukomesha Ugaidi?

Hakuna mwalimu wala mwanafunzi nchini Kenya anayeweza kuuzungumzia ugaidi kana kwamba ni habari ya ng'ambo. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili mwaka 2015 watu wanne wenye bunduki walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, na siku hiyo haikwisha kabla ya watu 148 kuuawa, wengi mno wao wakiwa wanafunzi. Kabla ya Garissa palikuwa na Westgate, Septemba 2013, walikouawa watu 67. Na kabla ya Westgate ulitokea mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, uliowaua watu 213. Basi serikali inaposema kwamba yafaa ifuatilie simu zetu ili tuwe salama, si haki kuibeza kauli hiyo.

Hata hivyo, si haki pia kuipokea bila kuipima. Kiswahili kina kitenzi kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya watu wengine. Anayedukiza dirishani kwa jirani huhesabiwa kuwa mtu wa tabia mbaya. Je, dola inapowadukiza raia wote, wenye hatia na wasio na hatia, tendo hilo hugeuka kuwa jema kwa sababu ya nia yake? Na kabla ya kulijibu swali hilo liko jingine: je, tendo lenyewe hufanikiwa? Ieleweke kwamba sizungumzii kumsikiliza mshukiwa mmoja kwa kibali cha mahakama. Hilo ni jambo la lazima. Nazungumzia kukusanya rekodi za simu za umma mzima: nani kampigia nani, lini, na kwa muda gani.

Mfano unaojulikana vyema ni wa Marekani. Mnamo Juni 2013, kutokana na nyaraka zilizotolewa na Edward Snowden, ulimwengu ulipata kujua kwamba shirika la ujasusi la NSA lilikuwa likikusanya rekodi za simu za mamilioni ya Wamarekani kila siku. Wakuu wa serikali walijitetea kwa kutaja njama 54 za kigaidi ambazo ujasusi wao ulisaidia kuzivunja. Mwezi wa Oktoba, mkuu wa NSA, Jenerali Keith Alexander, alipohojiwa na kamati ya Seneti, alikubali kwamba ni 13 tu kati ya hizo zilizohusiana na nchi ya Marekani yenyewe, na kwamba zilizotegemea rekodi za simu hasa ni moja, pengine mbili.

Watetezi wa mpango huo husema kwamba mafanikio ya ujasusi ni siri, kwa hivyo raia wa kawaida hawezi kuyajua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini bodi rasmi ya kulinda faragha na haki za kiraia ya serikali hiyo hiyo ilifunguliwa nyaraka za siri, na Januari 2014 ikatoa ripoti kwamba haikupata hata tukio moja la kitisho kwa Marekani ambapo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wa ugaidi. Kesi iliyobaki kutajwa ilikuwa ya dereva wa teksi wa San Diego, mwenye asili ya Kisomali, aliyepatikana na hatia ya kuwatumia Al-Shabaab fedha, dola 8,500 hivi. Hakuwa amepanga kulipua chochote. Septemba 2020 mahakama ya rufaa iliyoisikiliza kesi hiyo iliamua kwamba ukusanyaji wa rekodi ulikuwa umevunja sheria. Hukumu yake haikutenguliwa, kwa kuwa ushahidi uliomtia hatiani haukuwa umetokana na kosa hilo. Aidha, majaji walisema kwamba ikiwa matamshi ya wakuu yaliwafanya watu waamini kuwa rekodi hizo zilikuwa na umuhimu mkubwa, basi picha hiyo hailingani na yaliyomo katika nyaraka za siri. Mpango uliopunguzwa makali, uliofuata kuanzia mwaka 2015 hadi 2019, uligharimu dola milioni 100, na ni mara 2 tu ulipowapa wapelelezi wa FBI habari ambazo hawakuwa nazo.

Kwa nini chombo chenye nguvu kiasi hicho kivune haba? Jibu la kwanza ni la hesabu, na mwanafunzi wa shule ya upili aweza kulikokotoa. Chukua mji wenye watu milioni 1 wanaotumia simu, na tuseme miongoni mwao mna magaidi 10. Tuseme pia kwamba mtambo wa kuwachuja hukosea mara moja tu katika kila watu 100. Mtambo huo utawatia mashakani watu wasio na hatia wapatao 10,000 ili kuwafichua hao 10. Ni maafisa wangapi watakaowahoji? Tena, hadi mwanzoni mwa mwaka 2014 NSA iliruhusiwa kufuata hatua tatu kutoka kwa mshukiwa. Kama kila mtu huzungumza na watu 40, hatua ya tatu hufikia watu 64,000. Na iwapo mmoja wa hao 40 ni mwalimu mkuu anayepigiwa simu na wazazi wa shule nzima, basi shule nzima imo ndani ya juya.

Jibu la pili linaihusu taaluma ninayoifundisha. Maana ya usemi haimo katika maneno peke yake, bali hutokana na nani amesema, kwa nani, na katika hali gani. Kijana anayemwambia mwenzake, "Kesho tutawamaliza," huenda anazungumzia kandanda. Kwa upande mwingine, Najibullah Zazi, aliyekula njama ya kulipua treni za chini ya ardhi mjini New York mnamo Septemba 2009, aliandika tu kwamba ndoa iko tayari. Mtambo unaolitafuta neno "bomu" ungempita. Mtambo unaolitafuta neno "ndoa" ungekamata kila familia yenye harusi. Zazi alipatikana kwa sababu barua pepe yake ilikwenda kwenye anwani ya mtu wa Al-Qaeda nchini Pakistan, anwani ambayo ilikuwa tayari ikifuatiliwa. Ufuatiliaji ulifaulu, naam, lakini ni kwa kumlenga aliyejulikana.

Turudi nyumbani. Kuanzia Agosti 1996 hadi Agosti 1997 majasusi wa Marekani walizisikiliza simu za Wadih el Hage, mshirika wa Osama bin Laden aliyekuwa akiishi Nairobi. Agosti 1997 nyumba yake ilipekuliwa, na katika kompyuta ikapatikana barua iliyotaja kundi la Afrika Mashariki. Mwaka mmoja baadaye, ubalozi ukalipuliwa. Masikio yalikuwapo, wala hayakukosa cha kusikia. Kilichokosekana ni kulifuata lililosikika hadi mwisho wake.

Kadhalika, Mei 2014 The Intercept liliripoti, kwa kutegemea nyaraka za Snowden, kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikuwa ikikusanya rekodi za simu zake. Ikiwa ndivyo, rekodi hizo hazikuwaokoa vijana wa Garissa. Siku chache kabla ya shambulio, ilani ya tahadhari ilikuwa imetolewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na siku yenyewe kikosi maalumu cha polisi kilichotoka Nairobi kilifika baada ya saa nyingi. Je, tulipungukiwa na habari, au tulipungukiwa na utendaji?

Sheria zetu zinaijua njia iliyo bora. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 inamtaka afisa wa polisi aende Mahakama Kuu kuomba idhini kabla ya kunasa mawasiliano ya mshukiwa. Lakini Desemba 2014 kiliongezwa kifungu kinachoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuugundua na kuuzuia ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na waziri. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya marekebisho hayo, ila hiki ikakiacha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ufa, maana waziri ni sehemu ya serikali, na mtu hawi hakimu katika shauri lake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Mimi nasema analo. Kuwashuku wote kwa sababu ya wachache ni kuushika ule msemo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na jamii inayotangulia kushukiwa ni ile yenye jamaa zake ng'ambo ya mpaka. Mzazi wa Garissa au Eastleigh anayemwona mwanawe akibadilika ndiye mtu wa kwanza anayeweza kulizuia shambulio. Atamwendea chifu au mwalimu iwapo anaamini kwamba serikali ni yake. Akijua kuwa tayari amehesabiwa miongoni mwa washukiwa, atanyamaza, na hakuna mtambo uwezao kulisikia neno ambalo halikusemwa.

Kwa hivyo tuidai serikali ifanye lililo gumu: imfuate mshukiwa kwa kibali cha jaji, ilifanyie kazi onyo linapotolewa, na ieleze mbele ya Bunge kila mwaka ni simu ngapi zilizonaswa na zilileta faida gani. Wale 148 walistahili ulinzi wa namna hiyo, na wanaoketi katika madarasa yetu leo wanaustahili pia.