Arifa za Chama Kwenye Simu: Tuchague Mtambo Upi?



Chama kikitengenezewa programu ya simu ya kupeleka habari za mikutano, michango na kura, mafundi huuliza: arifa zipitie mtambo wa kampuni gani? Swali hili tusiwaachie mafundi peke yao. Ujumbe wa kura usipomfikia mchuma chai shambani, kura yake imepotea.

Njia zilizo kubwa ni mbili. Arifa ya intaneti hupitia kwa Google ikienda kwenye simu za Android, na kwa Apple ikienda kwenye iPhone. Google haitozi kitu kwa kazi hiyo. Lakini yataka simu kubwa, bando, na programu iwe imekwisha kuwekwa. Mwenye kitochi haambulii kitu. Ujumbe mfupi wa maandishi humfikia na mwenye kitochi, ila kila mmoja hulipiwa, nao huchukua herufi 160 tu. Ukizidi hukatwa vipande, kila kipande na bei yake. Alama moja isiyo ya kawaida yaweza kushusha nafasi hadi herufi 70. Hata kile kikoma cha neno “kung’atuka” kikichapwa kwa kupinda chatosha (na viongozi wengine hawalipendi neno lenyewe).

Kwa hiyo sisi twataka mtambo unaojua njia zote mbili: uanze na intaneti, na programu isiporudisha jibu kwamba imepokea, utume maandishi. Habari za mgomo zipelekwe kwa maandishi kwa wote tangu mwanzo.

Lililo zito zaidi ni daftari la wanachama. Mwaka 2013 Facebook iliinunua Parse, kampuni iliyosambaza arifa za programu nyingi. Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na Januari 2017 ikafungwa. Waliokuwa wakiitegemea walipewa mwaka mmoja wa kuhama. Basi kabla ya kutia sahihi, mkataba useme kwamba namba zote ni mali ya chama, twaweza kuzichukua siku yoyote, na hapewi mtu mwingine. Orodha hiyo ikiangukia mikononi mwa mwajiri, yajulikana nani atapunguzwa kwanza.

Tena arifa huonekana kwenye kioo cha simu hata nyapara akiwa amesimama karibu. Iandikwe tu: “Una ujumbe, fungua programu.”

Mwisho, kabla ya kulipa, jaribuni kwa wanachama 50 wa tawi moja, wakiwemo wa zamu ya usiku na wa mashamba ya mbali. Kesho yake waulizeni kwa mdomo nani amepata. Mtambo ukiandika “umetumwa”, haujasema umefika.